Twende na Watoto Newala

Mama mpenzi, tukisafiri na gari letu wenyewe tunasimama tunapotaka, na watoto wanajifunza. Tuanzie Ndanda, misheni ya Wabenediktini tangu 1906. Tukifika Masasi, penye miamba mikubwa, tuwasimulie jinsi Askofu Edward Steere alivyowaleta hapo watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, wakajenga makao mapya. Kisha tupande Newala kutazama Shimo la Mungu, bonde linaloshuka kuelekea Ruvuma. Juu huko maji ni ya taabu tangu zamani; tujaze madumu mapema.

Sisi wauguzi tunasihi: watoto wakae nyuma, wafunge mikanda. Baba akianza kusinzia, tusimwonee haya, aegeshe, apumzike. Giza likiingia, tulale. Kuchelewa si kitu, mradi tufike sote.