Msasa Si Dawa ya Mpini Uliopauka

Bastola ya Smith & Wesson aina ya Military & Police, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1899, mara nyingi ilivikwa mpini wa vipande viwili vya mti wa jozi. Mbao zikipauka, wengi hukimbilia msasa. La hasha! Msasa hufuta michoro inayozuia mkono usiteleze, nao ubao hupungua hata chuma kikachomoza. Mwenye kibali ahakikishe kwanza haina risasi, ndipo afungue skrubu. Ndani ya kipande cha kulia huenda akakuta nambari ya bastola, asiifute. Uchafu uondolewe kwa mswaki laini, kisha apake mafuta ya mbegu za kitani kidogo kidogo. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yasirundikwe nyumbani, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.