Friji ya Gesi Kwenye Trela ya Zamani: Ipi Inafufuka, Ipi Imekufa

Trela za kusafiria zilizoundwa Marekani miaka ya 1950 na 1960 zimerudi kupendwa. Watu wanazitoa vichakani, wanang'arisha bati la trela za Airstream na kushona mapazia mapya, kisha wanafika jikoni na kukuta friji ndogo ya gesi ambayo haijawashwa miaka mingi. Wengi huanza kwa kupaka rangi mlango na kutafuta vishikio vya enzi zile. Hapo ndipo fedha inapoanza kupotea, kwa sababu friji ya namna hii ina kiungo kimoja kisichofunguliwa wala kujazwa upya nyumbani. Kikiwa kizima, mengine yote yanatengenezeka. Kikiwa kimekufa, umepaka rangi kabati.

Friji hiyo haina kompresa, wala mota, wala kitu chochote kinachozunguka. Inapoozesha kwa moto. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio walioibuni mwaka 1922. Kampuni ya Electrolux ikanunua ubunifu wao mwaka 1925, na huko Marekani kampuni ya Servel ya Evansville, Indiana, ikaanza kuziunda muda mfupi baadaye. Aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kijijini isiyo na umeme anaijua vizuri: friji ya chanjo ya mafuta ya taa, yenye tangi chini na utambi wa kukatwa kila mara, hufanya kazi kwa kanuni ileile.

Kile kiungo kisichofunguliwa ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa kiwandani, na ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni, kwa mgandamizo unaofikia bar 20 au zaidi. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia chini kabisa, na mapovu yake husukuma maji kupanda kwenye bomba jembamba. Pampu ni hayo mapovu. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye kandensa, hupoa, hugeuka kimiminika na kutiririka hadi kwenye friza. Humo hukutana na haidrojeni. Kwa kuwa haidrojeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mgandamizo, amonia hugeuka mvuke tena hata kwenye baridi kali, na kwa kufanya hivyo hunyonya joto la vyakula. Gesi hizo mbili zikichanganyika huwa nzito, hushuka nyuma ya friji, maji huinywa amonia, na haidrojeni iliyobaki peke yake hupanda juu kuanza upya.

Kila hatua hapo inategemea vitu kushuka na kupanda vyenyewe. Ndiyo maana friji hizi huuawa zaidi na mteremko kuliko uzee. Trela ikiwa barabarani, mtikisiko huyapa maji njia. Ikiegeshwa upande mmoja ukiwa chini, huku moto unawaka, maji hutuama mahali pasipostahili na sehemu ya kuchemshia hukauka. Humo mna pia kromati ya sodiamu, iliyowekwa kuzuia kutu. Ikipikwa bila maji, hugeuka chembe ngumu zinazoziba bomba, na chembe hizo haziyeyuki tena. Basi kifaa cha kwanza cha kazi hii ni pimamaji ya fundi mwashi. Iweke sakafuni mwa friza, siyo juu ya kabati, maana kabati la zamani mara nyingi limepinda.

Kabla ya kuwasha chochote, chukua tochi uangalie mabomba ya nyuma. Unga wa njano, hata kidogo, au harufu kali ya amonia ikichoma pua, maana yake mfumo umevuja. Usiukwangue kwa mkono mtupu: kromati husababisha saratani. Mfumo uliovuja hauna dawa ya mtaani. Fundi anayejaza gesi kwenye friji za kawaida hana vifaa vya kujaza amonia na haidrojeni, na asijaribu. Zipo karakana za kuunda mitambo hii upya, nyingine za Waamishi wa Indiana, ambao hawaungi nyumba zao kwenye umeme wa gridi na hutumia friji za gesi hadi leo.

Ukiona pakavu na pasafi, anza na umeme, friji ikiwa imewekwa wima na sawasawa mahali penye hewa. Pima hita kwa mita: volti mara volti, gawa kwa wati. Hita ya wati 150 kwa volti 120 isome karibu na omu 96. Ya volti 240, omu 384. Weka glasi ya maji yenye kipimajoto ndani, funga mlango, uiache saa 24. Usiifungue kila baada ya nusu saa. Friji hii haina haraka. Maji yakishuka hadi nyuzi 4 au 5, una mali. Sehemu ya hita ikiwa ya moto lakini kandensa juu imebaki baridi, mzunguko umeziba. Wapo wanaoipindua kichwa chini, wakaiacha hivyo kwa muda, kisha wakairudisha wima itulie kabla ya kuiwasha. Jaribu mara moja. Kama tatizo ni maji yaliyokwama, itaamka. Kama ni chembe zilizopikwa, hata ukiipindua mwaka mzima haitaamka.

Upande wa gesi ndio wenye hatari ya kweli. Buibui hupenda kutanda ndani ya kichomeo, na kutu ya bomba la moshi humwagika juu yake. Toa jeti, iloweke kwenye spiriti, ipulize hewa. Usiichokoe kwa sindano: tundu lake ni dogo kuliko milimita moja, na likipanuka kidogo tu moto unakuwa mkubwa kuliko hewa iliyopo. Vuta juu kile kipande cha chuma kilichosokotwa ndani ya bomba la moshi, sugua masizi, ukirudishe kimo kilekile. Kikining'inia chini mno hubana moto. Kikiwa juu mno joto linapita bila kufanya kazi. Mavujo yote yatafutwe kwa maji ya sabuni. Mwali uwe wa bluu, umetulia. Ukiwa wa njano, zima, kwa sababu moto wa njano hutoa masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani imewaonya wananchi kuhusu friji za Servel zilizoundwa kati ya 1933 na 1957 kwa sababu ya gesi hiyo hiyo. Ukikuta ya namna hiyo kwenye trela, ibaki pambo.

Tundu la hewa chini na lile la juu nyuma ya friji yawe wazi, na mpira wa mlango ushike karatasi usiiachie. Hayo ni ya mchana mmoja.

Swali la mwisho ni kama inafaa. Kwa gesi, inafaa: mtungi mdogo unaiendesha kwa siku nyingi, kimya kabisa. Kwa betri haifai hata kidogo. Hita ya wati 150 hula ampia 12.5 kwa volti 12. Betri ya ampia-saa 100 inakwisha kwa saa 8. Kompresa ndogo ya volti 12 yenye wati 50, ikifanya kazi theluthi moja ya muda, inakaa siku tatu kwa betri hiyohiyo. Kwa hiyo mfumo wa zamani ukiwa mzima na unasafiri na mtungi, utunze. Ukiwa umevuja na unategemea paneli za jua, toa mabomba, weka kompresa ndani ya kabati lilelile, uache mlango wa asili mahali pake. Na kwa vyovyote vile, ukilala karibu na moto wa gesi, funga king'ora cha kaboni monoksaidi ndani ya trela kabla ya safari ya kwanza.