Wakisema tufunge mukaba, tuanzie kwenye bariere

Siku redio ilipotangaza serikali mpya ya Sama Lukonde, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, tarehe 12 mwezi wa 4, 2021, tulikuwa tumekaa hapa Mpofi chini ya kibaraza cha depo, tunangojea mvua ikatike. Tulihesabu majina: watu 57. Kijana mmoja akasema, "Wamepunguza, ile ingine ilipita 60." Muzee mmoja, aliyechimba Bisie wakati ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya Kilambo, akamuuliza: "Na makuta yetu inaendaka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ila jioni ile sisi wa sendika tulichukua daftari, tukaomba kila mtu atoe wazo lake: kama ni wewe unashika kasa ya Leta, ungekata wapi? Wachimbaji walisema, wabebaji walisema, wamama wanaouza chakula karibu na mashimo nao walisema. Hapa tunaleta yale ambayo wengi walikubaliana.

Kwanza tuseme pale ambapo hatutaki wakate. Wasiguse mshahara wa mwalimu. Tangu mwaka wa shule wa 2019 shule ya msingi ni bure, lakini mwalimu asiyelipwa na Leta ataishia kulipwa na sisi, kwa mlango mwingine. Muuguzi ni vilevile. Kumnyima mtu kama huyo si kubana matumizi. Ni kuhamisha deni na kulitupa mgongoni mwa mchimbaji.

Tunaanzia kwenye bariere. Wenzetu watatu walisafirisha mizigo kuelekea upande wa Masisi, tukawaambia waandike kila franka waliyotoa njiani. Walirudi na hesabu: wamelipa mara 11, wamepewa kitansi 3. Mara 8 zilizobaki ziliingia mfukoni mwa mtu, na mfuko huo hauna namba katika benki ya Leta. Si kwetu tu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Nyingine ni za watu wenye silaha, nyingine ni za watumishi wa Leta wenyewe.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya kodi, hayahusu matumizi ya serikali. Sisi tunaona ni kitu kimoja. Pesa iliyotoka kwetu kwa jina la Leta, ikaliwa njiani, ni matumizi ambayo hakuna depite aliyeyapigia kura. Haimo katika bajeti, kwa hiyo hakuna anayeweza kuipunguza. Na shimo kwenye barabara linabaki palepale.

Dawa yake haihitaji semina. Sheria ipo: tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2018, kuna orodha ya kodi zote ambazo jimbo, sekta na sheferi zinaruhusiwa kulipisha. Iandikwe kwa Kiswahili juu ya ubao, iwekwe penye kila bariere inayoruhusiwa. Kisichokuwa juu ya ubao, hatulipi. Na kwa barabara moja, pawe na kituo kimoja na kasa moja, huduma zote zigawane pale. Leo kila huduma ina kibanda chake, kiti chake, kamba yake na vijana wake watatu.

Wazo la pili ni misioni. Mwaka uliopita ujumbe wa wakubwa ulikuja kutoa zawadi kwa kituo cha afya. Magari yalikuwa 7, magodoro yalikuwa 6. Tuliyahesabu sisi wenyewe, maana tuliitwa kusukuma jeep mbili zilizozama katika matope. Kulikuwa na mafuta, madereva, walinzi, perdiem, mpiga picha, na kitambaa kikubwa chenye maandishi. Sisi tukachinja mbuzi. Moto mbili zingeyaleta yale magodoro, na bei ya mafuta tu ingeongeza mengine. Tunapendekeza hivi: kabla ya kutia saini ordi ya misioni, mkubwa aandike pembeni bei ya safari na bei ya kile anachopeleka. Kama safari ni ghali kuliko zawadi, abaki ofisini.

Wazo la tatu linahusu wale waliokwisha toka kazini. Mwaka 2019 nchi nzima ilipiga kelele iliposikia juu ya dekre zilizotiwa saini mwezi wa 11, 2018, zinazowapa mawaziri wa zamani asilimia 30 ya malipo ya waziri aliye kazini, dolari 1 000 za nyumba kila mwezi, na tiketi ya ndege kila mwaka. Waziri Mkuu wa zamani alipangiwa dolari 5 000 za nyumba. Tufikiri kidogo: kila serikali ikibadilika inaacha nyuma yake mawaziri wa zamani wengi. Mchimbaji akivunjika mguu ndani ya shimo, hakuna anayemlipia nyumba. Posho iende na kazi. Kazi ikiisha, posho nayo iishe.

La nne ni ile pesa inayotakiwa kurudi. Kode ya madini ya 2018 inasema wazi: redevance inayolipwa na kampuni inagawanywa, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au sheferi yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni yetu sisi wanakijiji. Basi kila miezi mitatu ofisi ya sekta ibandike mlangoni karatasi moja: tumepokea kiasi hiki, tumefanya hiki, kimebaki hiki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi na gundi havimalizi bajeti ya mtu.

Mama mmoja alitupinga, na tunasema ukweli, alitusumbua. Alisema: "Yule wa bariere hana mshahara. Mukimufukuza, atakuja kula huku ku shimo." Ana haki. Watumishi wengi huku hawalipwi, au wanalipwa kidogo sana, na kufuata mshahara mjini kunamaliza mshahara wenyewe. Ndiyo maana mambo haya hayawezi kutenganishwa. Wahesabiwe kwanza, majina hewa yaondolewe, wale wanaohitajika kweli walipwe karibu na kazi, kisha vibanda vivunjwe. Kuvunja bila kulipa ni kuhamisha bariere tu.

Na sisi? Tulipomaliza kuwasema wakubwa, yule muzee aliomba daftari ya sendika yenyewe. Tulikuta kwamba katika miezi sita sehemu kubwa ya michango ilikwenda kwa soda, bia na nyama ya kupokea wageni. Hata ule mbuzi wa magodoro ulitoka mle. Mwezi wa pili, mke wa mwenzetu alishikwa na uchungu usiku, barabara haipitiki, tukambeba kwa tipoyi mpaka asubuhi. Kasa haikuwa na franka za kulipa wabebaji wala dawa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku ile tumekata pesa ya kupokea wageni. Mgeni atakunywa maji na kula kile tunachokula. Michango inawekwa kando kwa wagonjwa, na hesabu inabandikwa kila mwisho wa mwezi kwenye mlango wa depo, kila mtu asome. Asiyejua kusoma anasomewa.

Hatuombi Kinshasa kitu ambacho sisi hatujafanya. Karatasi yetu iko mlangoni. Tunangojea ya kwao.