Mhusika Aliyeponywa na Hali ya Kulala Chini

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kila mchezaji humwongoza mhusika wake, na mapigano huamuliwa kwa dadu. Kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, zasema kwamba mhusika aliyefikia uhai sifuri huzirai na kuanguka. Akitibiwa, hata kwa pointi 1, fahamu humrudia papo hapo. Mwili wake, hata hivyo, ungali chini. Mswahili angeuliza: kifudifudi au chali? Kanuni hazijali.

Wachezaji wengi humwinua hapo hapo, nako ni kukosea. Kusimama hufanywa katika zamu yake mwenyewe, nako humgharimu nusu ya mwendo wake, yaani futi 15 kwa mwenye futi 30. Kabla ya hapo, adui aliye ndani ya futi 5 hurusha dadu mbili za pande 20 akachukua iliyo kubwa. Mpiga mishale aliye mbali huchukua iliyo ndogo. Katika kanuni za mwaka 2003, hata kule kuinuka kulimpa adui wa karibu nafasi ya kupiga; katika zile za 2014 hakumpi.

Kwa hiyo mganga hana budi kutazama zamu ifuatayo ni ya nani. Ikiwa ni ya adui, ile pointi 1 yaweza kutoweka kwa pigo moja, ingawa tiba haikupotea yote: hesabu ya kukaribia kifo huanza upya.