Mwani wetu, faluda ya pakiti

Wiki moja kabla ya Ramadhani, ukiingia duka la vyakula Darajani, mjini Zanzibar, utaona vipakiti vya agari vimepangwa karibu na hiliki na zafarani. Ni ile poda ya kugandishia faluda. Mama hununua viwili vitatu, akachemsha na maziwa na sukari, akamimina kwenye sinia, na jioni faluda imo kwenye futari pamoja na kaimati na tambi. Wanunuzi wengi hawajui, wala muuzaji hana sababu ya kuwaambia, kwamba poda ile ni mwani. Umevunwa mbali, ukachemshwa, ukachujwa, ukakaushwa, ukasagwa na kutiwa kwenye pakiti, kisha ukapandishwa meli kuletwa kwenye kisiwa ambacho chenyewe kinauza mwani kwa magunia.

Nimelitaja hilo mwanzo kwa sababu siku hizi Zanzibar haipungukiwi na watu wa kutuelezea chakula cha kesho. Mvua hazitabiriki, ardhi ni finyu, samaki wa karibu wamepungua, kwa hiyo, tunaambiwa, mezani kwetu kutapanda kilichomo baharini na kisichohitaji mbolea wala maji matamu. Yaani mwani. Mapishi yamebuniwa tele: keki ya mwani, biskuti za mwani, jamu, achari, juisi ya mwani na tangawizi, kachumbari, hata sambusa. Nimeonja mengi ya hayo kwenye meza za maonyesho. Juisi inanyweka. Keki ni keki, mwani wake uko kwenye kibandiko zaidi kuliko mdomoni.

Biashara yenyewe msomaji wa pwani anaijua. Kilimo cha kuuza kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina ni mbili: spinosamu, iliyo rahisi kulima na rahisi pia kwa bei, na kotonii, yenye bei nzuri na roho nyepesi. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake hushuka na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya mbegu kwa vijikamba wanavyoviita taitai, na baada ya wiki sita hivi wakavuna. Mwani mbichi ukikauka hupungua sana. Kilo saba au nane za mbichi hutoa moja ya mkavu, na ni ile moja tu inayopimwa kwenye mzani wa mnunuzi. Bei ya kilo ya spinosamu mkavu kwa miaka mingi imekuwa ya shilingi mia kadhaa, na hata ilipopandishwa, mkulima hakuhitaji mkoba mpya wa kutilia fedha.

Kinachotafutwa humo ni karajinani, kitu cha kugandisha na kutia uzito. Viwanda vya nje, Ulaya, Marekani na Asia, hukitoa na kukiuza kwa watengenezaji wa aiskrimu, maziwa ya chokoleti, nyama za kopo na dawa ya meno. Kwa hiyo mwani wa Zanzibar unaliwa tayari, tena kila siku. Wanaoula hawajui wanaula, na waliolima hawajui umekwenda wapi.

Ofisa mmoja anayeshughulika na mambo ya bahari, ambaye hakupenda atajwe, aliniambia kwa uhakika kwamba wakulima wa mwani visiwani ni zaidi ya 20,000 na kwamba wanane katika kila kumi ni wanawake. Akaongeza kwamba hao wote wako tayari kuwa wazalishaji wa chakula, maadamu soko la ndani litafunguka. Nambari hiyo naikumbuka. Nimeisoma kwenye ripoti, nimeisikia kwenye hotuba, na miaka yote hiyo haijapanda wala kushuka kwa maana, hali katika vijiji vya mashariki ya Unguja wapo wanawake wengi walioacha mwani wakahamia kwenye hoteli, kwenye kuuza chakula ufukweni au kwenye kukaa nyumbani tu. Nilipomwuliza idadi hupatikanaje alisema inatoka kwenye shehia. Nilipomwuliza kama aliyewahi kulima na akaacha huondolewa, alisema zoezi la kuhakiki ni endelevu. Neno endelevu katika ofisi zetu hufanya kazi nyingi.

Sisemi nambari ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba kila mpango wa kiwanda, wa kiasi cha chakula, wa mapato ya kaya, unajengwa juu yake, na msingi wenyewe haujapigwa pima maji kwa muda mrefu.

Mwenye malalamiko mazito niliyemkuta ni mfanyabiashara wa kijiji kimoja cha mashariki, mama wa makamo aliyelima miaka mingi kabla ya kuingia kwenye usindikaji. Ana kijumba cha bati kando ya njia ya watalii, rafu tatu za mbao. Rafu ya juu ina sabuni za mwani na karafuu, zimefungwa kwa ukili. Ya kati ina mafuta ya kujipaka. Ya chini kabisa, karibu na sakafu, kuna vichupa vinne vya jamu na mfuko mmoja wa biskuti. Nikamwuliza mbona chakula kimewekwa chini. Akasema kwa sababu hakiuziki, na kilichoko machoni mwa mteja ni lazima kiuzike.

Hesabu yake niliiandika kama alivyoitoa. Kichupa cha glasi na kifuniko chake hakitengenezwi kisiwani, hutoka Dar es Salaam, na kikifika kwake kina gharama kubwa kuliko jamu itakayotiwa ndani. Kibandiko ni gharama nyingine. Akitaka nembo ya ubora ili hoteli zimpokee, anatakiwa awe na jiko lenye vigae, sinki mbili, nyavu madirishani na vipimo vya maabara. Jiko lake ni mafiga matatu chini ya mkungu. Akienda hotelini bila nembo anaambiwa arudi nayo, na mwenzake aliyeipata nembo anaambiwa jamu yake ni nzuri sana lakini wageni wamezoea ya stroberi. Semina amehudhuria mpaka amesahau ngapi. Kila moja, anasema, inafundisha keki. Anapata cheti, nauli, soda, na picha ya pamoja. Aliniuliza kwa ukali kidogo kama nimewahi kuona mtu wa Makunduchi akila keki kwa njaa.

Lakini neno lake lililonikaa kichwani lilikuwa jingine. Kilo moja ya mwani mkavu, anasema, humtosha kwa biskuti za mwezi mzima. Sasa hata kama kijiji kizima kingeoka biskuti, mkulima anayevuna magunia angeuza nini? Chakula kinachotumia kijiko kimoja cha unga wa mwani hakimwinui mlima mwani. Kinamwinua muuza ngano.

Hapo narudi kwenye faluda, maana ni chakula ambacho mwani ndio mwili wake. Bila mwani wa kugandisha, faluda ni maziwa matamu tu.

Mama yule yule alinipikia. Alichukua spinosamu mkavu, mkono mmoja, akauosha mara nyingi na kuuloweka usiku kucha, akibadilisha maji hadi chumvi na harufu ya ufukwe vikatoka. Asubuhi ukawa mweupe, umevimba, unateleza kama minofu ya dafu changa. Akauchemsha kwa moto mdogo karibu saa nzima hadi ukaanza kuyeyuka, akauchuja kwa kitambaa cha kanga iliyokwisha, akatia maziwa, sukari, hiliki na tone la arki. Tukasubiri. Ilipopoa iliganda, lakini mgando laini, wa kutikisika, kisu kikipita unajirudia nyuma yake. Kwa kijiko ilikuwa tamu kweli. Kwa sinia, kwa yale mapande ya almasi tunayoyajua, ingetia aibu.

Si kosa la mpishi. Karajinani ya spinosamu ndivyo ilivyo: hupenda maziwa, lakini huganda kwa ulaini. Ya kotonii ndiyo inayoganda kwa nguvu, ikakatika. Na kotonii ndiyo iliyotukimbia. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, mimea inapauka na kukatika kwa ugonjwa ambao wakulima wameuona tangu zamani, na katika sehemu nyingi za Unguja watu wamebaki na spinosamu peke yake. Kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu inawezekana na majaribio yamefanywa, ila huko kunataka mashua, nyavu na kujua kuogelea. Wanawake wengi waliojenga biashara hii hawana la kwanza wala la mwisho.

Kwa hiyo mapishi ya kesho, kama yatakuwa ya kweli, itabidi yafuate mwani tulionao. Faluda ya kikombe, ya kuliwa kwa kijiko. Urojo unaopata uzito wake kwa mchuzi wa mwani, unga wa ngano ukapunguzwa. Uji wa futari unaokaa tumboni. Tui la nazi lililogandishwa, na kachumbari ya embe bichi juu yake kwa anayethubutu. Mawazo haya si ya kigeni kama yanavyosikika. Ireland wana maziwa yao ya kugandishwa kwa mwani wa miamba, ya tangu enzi za mabibi, na Jamaika wananywa kinywaji kizito cha mwani wenye maziwa na kungumanga. Hakuna aliyewapa semina.

Muuza futari mmoja wa mjini niliyemsimulia habari ya faluda ya spinosamu alikuwa na swali moja tu: saa ngapi? Nikamwambia usiku wa kuloweka na karibu saa moja ya moto. Akacheka. Agari huchemka dakika chache na mkaa ni ghali. Hilo pingamizi nalichukulia kwa uzito kuliko ripoti yoyote, kwa sababu linatoka kwa mtu anayepiga hesabu ya mkaa kila siku. Asingehitaji mwani wa kuloweka. Angehitaji poda ya Zanzibar, iliyokwisha kuchemshwa na kusagwa, kwenye pakiti, kwa bei isiyozidi ile ya dukani.

Na poda maana yake ni kiwanda. Kiwanda cha kusindika mwani Pemba kimezungumzwa kwa miaka, na Pemba ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wetu. Kusindika kunataka maji matamu mengi, umeme usiokatika na mwani mkavu usio na mchanga, na sijui ni kipi kati ya hivyo vitatu ambacho kisiwa kinacho kwa ziada. Ofisa wangu anasema vyote vinashughulikiwa. Mnunuzi mmoja wa magunia anasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata kiwanda kikisimama kitakimbilia kuuza nje, kwa sababu nje kuna dola na Darajani kuna vipakiti. Huenda anasema hivyo kwa kuwa kiwanda kitamnyang'anya magunia. Huenda pia anasema kweli.

Kuna kutolingana kwingine. Mwani mwingi uko Pemba. Hoteli, maonyesho, watalii na mapishi mapya viko Unguja. Anayelima hapiki, anayepika hununua kilo. Kibuyuni, upande wa Kwale nchini Kenya, vikundi vya kina mama vinalima na kutengeneza sabuni na vyakula mahali pamoja, na huko nako sabuni ndiyo inayotangulia.

Wapo wanaoweka matumaini kwa Waingereza na Wamarekani wanaokunywa mwani uliosagwa kwa ajili ya ngozi na nguvu, mtindo ulioshika sana miaka ya karibuni. Mwani wa Zanzibar umeingia kwenye soko hilo, ukiuzwa kwa vifurushi vidogo kwa bei ambayo mkulima wa Paje akiambiwa hudhani umekosea sifuri. Mitindo ya namna hiyo huja kwa bamvua na kuondoka kwa bamvua. Kwa sasa inalipa wachache wenye simu nzuri na jamaa ughaibuni.

Makisio yangu ni kwamba miaka michache ijayo bado tutasikia zaidi ya 20,000, bado tutaonja keki, na sabuni itaendelea kukaa rafu ya juu. Inaweza kuwa vinginevyo iwapo mtu mmoja, kikundi kimoja, kitaamua kusaga poda ya kugandishia na kuipeleka Darajani mwezi wa Shaaban badala ya kuipeleka kwenye maonyesho. Mama wa kijumba cha bati anasema angeinunua yeye wa kwanza. Kwa sasa, futari ikifika, naye hununua vipakiti viwili vya agari.