Umelipa Mara Moja, Lakini Una Tiketi Ngapi?

Binamu yangu alifika kaunta ya JKIA saa kumi na moja na dakika tano jioni, jasho likimtoka, akivuta masanduku mawili. Ndege yake ya kwenda Manchester kupitia Ghuba ilikuwa inaondoka saa kumi na moja na nusu. Kaunta ilishafungwa tangu saa kumi na nusu, saa moja kabla ya kuondoka, kama zinavyofanya kaunta nyingi za safari za kimataifa. Akaanza kujieleza: si kosa lake, ndege ya kutoka Kisumu ndiyo iliyochelewa, na meseji za kuchelewa anazo. Mhudumu akaangalia kompyuta yake, akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, mimi hapa naona safari yako inaanza Nairobi. Kisumu siioni."

Kisumu haikuonekana kwa sababu alikuwa amenunua tiketi mbili tofauti. Tiketi moja ya Kisumu hadi Manchester, kwenda na kurudi, ilikuwa Sh118,000. Akagundua kwamba akianzia Nairobi ni Sh98,500, kisha anajinunulia kandege ka kutoka Kisumu kwa Sh6,400. Jumla Sh104,900. Ameokoa Sh13,100, na mwanafunzi anayeenda kuanza maisha ugenini ana matumizi mia ya pesa kama hizo. Hata mimi nilimpongeza. Nilimwambia yuko sharp.

Sasa hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Unaponunua safari nzima kwa tiketi moja, kampuni ya ndege imekuahidi kukufikisha mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni juu yao kukutafutia nyingine bila kukutoza tena. Ukinunua tiketi mbili, kila kampuni imekuahidi kipande chake tu. Ya Kisumu ilimfikisha Nairobi, ikachelewa lakini ilimfikisha. Ya Manchester ilikuwa tayari kuondoka kwa wakati, abiria akakosekana. Katikati ya hizo mbili hakuna mtu mwingine anayewajibika ila wewe.

Na usidhani utajua kwa kuangalia risiti. Siku hizi kuna tovuti na programu za kutafuta nauli ambazo hukushonea safari kutoka kampuni mbili au tatu zisizojuana, unalipa mara moja, unapata risiti moja, na wewe unaamini una tiketi moja. Kabla hujaweka PIN, tafuta maneno self-transfer kwenye ukurasa, mara nyingi yameandikwa kwa herufi ndogo. Maana yake ni kwamba kuhama kutoka ndege moja hadi nyingine ni shughuli yako. Kama umeshalipa, angalia namba ya bukingi, ile ya herufi na tarakimu sita. Zikiwa mbili, ziulizie. Halafu angalia namba ya tiketi yenyewe, ambayo huwa na tarakimu 13. Ukikuta safari zote ziko chini ya tiketi moja, tulia. Ukikuta kila kipande kina tiketi yake, endelea kusoma.

Sisemi usinunue tiketi mbili. Mimi mwenyewe hununua, na kuna wakati tofauti ya bei ni kubwa mno kuiacha. Ninachosema ni kwamba zile Sh13,100 hazikuwa zake bado. Zilikuwa pesa za kujikinga, ambazo kampuni ingekuwa inabeba hatari kwa niaba yake, na sasa ameamua kuibeba mwenyewe. Kwa hivyo usizitumie. Zitenge kwenye simu, kwenye akaunti ya akiba isiyochanganyika na pesa za matumizi, na uongezee kitu juu kama unaweza, mpaka utakapotua unakoenda. Ukifika salama, zitumie utakavyo.

Binamu yangu hakuwa nazo. Alishanunua koti.

Kilichofuata kilikuwa ni kuchangisha. Ili wamweke kwenye ndege ya kesho yake, alitakiwa kulipa Sh46,300, yaani adhabu ya kutotokea pamoja na tofauti ya nauli. Chuo kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano. Shangazi, mamake, akapiga simu kwa chama. Mjomba wa Nakuru akatuma elfu tano. Mimi nikatuma nilichokuwa nacho, si kingi. Pesa zikawa zinaingia vipande vipande huku yeye amekaa juu ya sanduku akipiga hesabu, na ofisi ya tiketi inakaribia kufungwa. Ilipofika saa mbili kasoro usiku zilikuwa zimetimia. Alilala hapo hapo uwanjani.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye, tulipokaa na kusoma masharti ya tiketi yake. Kubadilisha tarehe kabla ndege haijaondoka kulikuwa na ada ya Sh15,500, pamoja na tofauti ya nauli kama ipo. Baada ya ndege kuondoka, unaitwa no-show, na hapo mambo ni mengine. Na yeye alikuwa na muda! Ndege ya Kisumu ilitakiwa kuondoka saa sita na dakika kumi mchana. Meseji ya kwanza ilisema saa nane. Ya pili, iliyoingia saa saba na nusu, ilisema saa tisa na nusu. Ukiongeza dakika hamsini za kuruka, anatua saa kumi na dakika ishirini, na kaunta inafungwa saa kumi na nusu. Bado hajachukua mizigo. Yaani saa saba na nusu jibu lote lilikuwa kwenye simu yake, zikiwa zimebaki saa nne. Lakini alikaa akiomba Mungu, jambo ambalo si baya, ila angepiga simu pia.

Kwa hivyo kabla ya safari, fanya hesabu moja na uiandike. Anza na saa ambayo kaunta ya ndege ya pili inafungwa, si saa ambayo ndege inaondoka. Toa muda wa kuchukua mizigo na kuhama jengo. Toa muda wa kuruka. Hiyo ndiyo saa yako ya mwisho ya kuondoka ulipo. Ndege ya kwanza ikisogezwa kupita hapo, piga simu kwa kampuni ya ndege ya pili papo hapo na ubadilishe, hata kama inauma. Weka namba yao kwenye simu siku unayonunua, na uwe na airtime. Kama tiketi ni ya kwenda na kurudi, jambo hili ni zito zaidi, maana ukikosa kipande cha kwanza bila taarifa, kwa kawaida mfumo hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na cha kurudi nyumbani.

Swali ninaloulizwa sana ni muda gani unatosha kati ya ndege mbili. Kwa safari ya ndani inayofuatwa na ya kimataifa, binamu yangu alijiachia saa nne na nusu hivi, na watu wengi wangesema hiyo ni mingi. Mimi naona tiketi ya pili ikiwa ya pesa nyingi, fika Nairobi siku moja kabla. Lala kwa jamaa, hata kama kuna maswali ya utaoa au utaolewa lini. JKIA ina njia moja tu ya ndege kurukia na kutua. Aprili 2023 ndege ya mizigo ilipasuka magurudumu ikakwama pale, na safari zikavurugika siku nzima. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege nao wakagoma. Hakuna saa nne zinazokuokoa siku kama hiyo. Ukitoka Mombasa, treni ya SGR ya siku iliyotangulia inakushusha Syokimau, karibu kabisa na uwanja. Kisumu kuna basi la usiku. Si starehe, lakini bei yake ni ndogo ukilinganisha na tiketi inayokungoja.

Angalia pia uwanja. Kuna ndege za ndani zinazotua Wilson, si JKIA, na ukiwa na mizigo kwenye jam ya jioni, Wilson hadi JKIA si pua na mdomo. Nje ya nchi mtego huu ni mkubwa zaidi. London ina Heathrow na Gatwick, ambazo ziko mbali. Istanbul ina viwanja viwili, kila kimoja bara lake. Kuna nauli nzuri ya Nairobi kwenda Sharjah, na mtu anajiambia Sharjah na Dubai ni majirani, ataunganisha. Ni kweli ni majirani. Lakini kwa tiketi mbili tofauti, mara nyingi sanduku lako linaishia mwisho wa tiketi ya kwanza. Ili ulichukue lazima upite uhamiaji, na ili upite uhamiaji Mkenya anahitaji viza ya Falme za Kiarabu. Huna viza, unaweza hata usiruhusiwe kupanda ndege hapa Nairobi. Uliza swali la viza kwanza, la bei baadaye. Na pima mizigo kwa kipimo cha ndege yenye masharti makali zaidi, kwa sababu kilo 46 zilizokubaliwa kwenye ndege kubwa hazimhusu mtu wa kaunta ya Kisumu.

Kuhusu bima ya safari, zipo zinazolipia ndege uliyoikosa, lakini nyingine hazitambui tiketi zilizonunuliwa mbalimbali, na nyingine zinataka uwe umeacha saa kadhaa kati ya ndege na ndege. Muulize wakala swali hilo moja kwa moja, na akujibu kwa maandishi.

Upande wa malipo, usilipe wakala kwa namba ya mtu binafsi eti ndiyo ofa iishe leo. Lipia namba ya biashara, soma jina linalotokea, na likiwa silo, acha. Ukishalipa, ingiza namba ya bukingi kwenye tovuti ya kampuni ya ndege yenyewe uone kama jina lako lipo. Meseji za malipo usizifute mpaka urudi, kwa sababu ukidai kurejeshewa pesa utaulizwa namba ya muamala. Na ukikosa ndege kabisa, usiondoke hivi hivi: uliza kuhusu kodi na ada za uwanja ambazo hukuzitumia. Hata tiketi isiyorejeshwa, mara nyingi sehemu hiyo hurudi, ila lazima uombe.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalonifurahisha, ni kwamba hatari hii haiko sawa pande zote. Ukienda, tiketi ndogo ya Kisumu inahatarisha tiketi kubwa ya Manchester. Ukirudi, kubwa ndiyo inatangulia, na ikichelewa unapoteza ile ndogo tu. Tahadhari yote, na pesa zote za kujikinga, ziweke kwenye kwenda.

Desemba binamu yangu alikuja nyumbani kwa Krismasi. Safari hii hakuwa amenunua kipande cha Kisumu mapema, na alijua wazi kwamba msimu huo angeweza kukuta bei imepanda au nafasi zimejaa, alale Nairobi. Alitua, akapita uhamiaji, akahesabu masanduku yake yakawa mawili, akaketi na chai. Kisha akatoa simu, akaangalia ndege iliyobaki jioni hiyo, akalipa Sh7,900, akatuandikia kwenye grupu ya familia: "Wekeni ugali, nafika saa tatu."