Mzazi Kati ya Mochari na Mahakama

Mtu anapouawa kwa risasi ya polisi nchini Kenya, sheria inaitaka serikali yenyewe ieleze kifo hicho. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama Mathare, Huruma, Dandora na Kayole, kazi hiyo mara nyingi humwangukia mama au baba wa marehemu. Yeye ndiye anayeutafuta mwili, anayebembeleza mashahidi, anayehudhuria kortini tarehe baada ya tarehe. Safari hiyo ina hatua zake, na kesi inaweza kufia katika hatua yoyote.

Usiku wa Machi 30, 2020, siku tatu baada ya kafyu ya korona kuanza, mvulana wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Eastlands, akiwatazama polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu barabarani. Risasi ilimpata tumboni, akafa. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilichunguza kifo hicho, na mwezi Juni mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaamuru afisa mmoja ashtakiwe kwa mauaji. Afisa huyo alikana shtaka. Nchi nzima iliomboleza pamoja na wazazi wale, na jambo moja liliwapunguzia mzigo: hakuna aliyeweza kumwita mtoto aliyekuwa kwao nyumbani jambazi.

Jina kwanza, kisha haki

Wazazi wengi wa Eastlands hawapati nafuu hiyo. Kijana wao huuawa katika uchochoro au kando ya uwanja, na kabla ya matanga kuanza taarifa imeshaenea kwamba jambazi sugu ameangamizwa na bastola ya kujitengenezea kupatikana kwake. Kwa miaka kadhaa, kurasa za Facebook zenye jina Hessy, likifuatwa na jina la mtaa, zilikuwa zikianika picha za vijana na kuwaonya waache wizi au wafe. Baadhi ya walioanikwa waliuawa, na picha za miili yao zikawekwa palepale. Wapo wazazi walioujua msiba wao kupitia simu ya jirani.

Mzazi wa namna hii hulazimika kulitetea jina la mwanawe kabla ya kuidai haki yake, na wapo wanaokiri wazi kwamba kijana wao aliiba. Wanachouliza ni kwa nini hakufikishwa kortini. Swali hilo linasimama juu ya Katiba ya 2010: kifungu cha 26 kinalinda uhai wa kila mtu, na kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hakuna sheria ya Kenya inayompa afisa wa doria mamlaka ya kuhukumu.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaeleza, katika Jedwali lake la Sita, lini afisa anaruhusiwa kufyatua risasi. Silaha hutumiwa pale tu ambapo njia nyepesi zaidi hazitoshi, hasa kuokoa maisha yaliyo hatarini. Nguvu za polisi zikisababisha kifo, mkubwa wa afisa huyo anapaswa kuiarifu IPOA mara moja, kulinda mahali pa tukio ili ushahidi usivurugwe, na kuwajulisha jamaa za marehemu. Jedwali hilohilo linasema kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Laiti masharti haya yangefuatwa kila mara, mzazi angebaki na kazi ya kuomboleza tu.

Siku za kwanza

Kesi hujengwa au hubomoka katika siku chache za mwanzo. Mwili ukiondolewa mahali pa tukio hupelekwa kwa kawaida katika Mochari ya City, na mara nyingine familia huupata huko baada ya kuzunguka vituo vya polisi na hospitali. Hatua inayofuata ni kuandikisha kifo kwenye kitabu cha matukio kituoni na kupewa nambari ya OB. Hapo pana ugumu ambao kila mkazi wa mtaa anaujua: huenda kituo ambako malalamiko yanaandikwa ndicho kituo cha afisa anayelalamikiwa. Ndiyo maana watetezi wa haki huwashauri wazazi waende moja kwa moja IPOA vilevile.

Upasuaji wa maiti ndio ushahidi ulio mgumu zaidi kupingwa. Daktari huangalia risasi iliingilia wapi na kutokea wapi, na kama ngozi ina alama za kuungua zinazoonyesha kwamba mtutu ulikuwa karibu. Jeraha lililoingilia mgongoni huitia doa hadithi ya mapambano ya ana kwa ana. Risasi iliyobaki mwilini inaweza kulinganishwa na bunduki, na daftari la silaha kituoni huonyesha bunduki hiyo ilikabidhiwa nani siku hiyo. Kwa sababu hiyo familia hushauriwa zisizike kabla ya upasuaji, na nguo za marehemu zihifadhiwe bila kufuliwa. Shirika la IMLU, lenye madaktari na mawakili, limezisaidia familia nyingi zisizoweza kumlipa daktari wa kujitegemea ashuhudie upasuaji.

Mashahidi ni jambo jingine. Mtaani, ambako nyumba zimebanana, mara nyingi kuna aliyeona. Lakini aliyeona anaishi palepale, na afisa aliyemwona hupita hapo kila jioni. Shirika la Kulinda Mashahidi linaweza kumhamisha, ila kuhama kwa mama mboga maana yake ni kuacha kibanda, wateja na shule ya watoto. Wengi huchagua kunyamaza, na si haki kuwalaumu.

Kutoka IPOA hadi kortini

IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011 na kuanza kazi 2012. Huchunguza, lakini haishtaki. Faili yake hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye anaweza kuamua afisa ashtakiwe, faili ifungwe, au hakimu afanye inkwesti, yaani uchunguzi wa mahakama kuhusu chanzo cha kifo. Hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA ilitolewa Februari 2016, pale maafisa wawili walipofungwa miaka saba kila mmoja kwa kumuua msichana wa miaka 14 nyumbani kwao Kwale mwaka 2014.

Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na husikizwa polepole. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Maafisa watatu wa polisi na raia mmoja walipatikana na hatia Julai 2022, ingawa mawakili wa nchi nzima walikuwa wameandamana kwa ajili ya mwenzao. Mama anayetoka Dandora kwenda mahakama ya Milimani hana chama cha mawakili nyuma yake. Kila kesi inapoahirishwa, amepoteza nauli na kibarua cha siku hiyo.

Fidia nayo ina mtego. Anayeishtaki serikali kwa madhara ana miezi 12 tu ya kufungua kesi ya kawaida ya madai, na mzazi anayesubiri kwanza hukumu ya jinai hukuta muda huo umepita. Njia inayobaki ni kwenda Mahakama Kuu kudai kwamba haki za kikatiba za marehemu zilivunjwa.

Upweke wa safari hii ndio uliozaa mtandao wa akina mama wa waathiriwa na manusura, ulioanzia katika Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare. Mmoja wa waasisi wake, Benna Buluma, aliyejulikana kama Mama Victor, alipoteza wanawe wawili katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Akina mama hao husindikizana mochari na kortini, hujazana kwenye viti vya mahakama ili mwenzao asikae peke yake, na humweleza aliyefiwa jana mambo ambayo wao waliyajua wakiwa wamechelewa. Mama Victor mwenyewe alikufa katika mafuriko ya Mathare mwezi Aprili 2024. Wenzake wanaendelea.

Bunge lilikwisha kutambua kwamba kazi hii si ya mama. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona, yaani wachunguzi wa vifo, inayokusudia kila kifo chenye utata kichunguzwe na wataalamu walio nje ya polisi, kuanzia mahali mwili ulipolala. Miaka ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi. Pengo hilo ndilo ambalo wazazi wa Eastlands wamekuwa wakiliziba kwa miguu yao, kwa nauli zao, na kwa ujasiri wa kuuliza nani alifyatua.